Mahali Alipoangukia Kahindi

Msituni, mlimani
9 Juni 2023

Dada Areej,

Assalaam aleikum. U hali gani, na watu wote wa Kibokoni? Mimi mzima, ila mkono una bendeji. Simu huku haishiki, hivyo barua hii nampa dereva wa gari la chakula.

Kahindi amekufa. Yule askari mwenzangu wa wanyamapori niliyemleta nyumbani Idi. Tulikuwa kwenye mianzi, ukungu mzito, mbega wakilia juu ya miti. Ghafla wakanyamaza. Nyati akatoka, waya wa mtego umemkata mguu mpaka mfupani, amepagawa kwa maumivu. Alimpiga Kahindi pembe ya tumbo, akamrusha, akamrudia, akamkanyaga. Nilipiga risasi mpaka zikaniishia.

"Ameanguka?" Kahindi akaniuliza.

"Ameanguka."

Ndipo akakata roho.

Nenda kwa mkewe, Mercy, kule Majengo. Mimi sina uso wa kumtazama.

Mdogo wako,
Mzamil

Kibokoni
20 Juni 2023

Mdogo wangu Mzamil,

Waaleikum salaam. Sote wazima. Mkono wapoa?

Kahindi amezikwa kwao Jumamosi. Jeneza halikufunguliwa. Mercy hali, hanywi. Aliniuliza, "Waya aliuweka nani?"

Rudi nyumbani. Barua yako haikutaja hasira hata mara moja, na hilo ndilo lanitisha.

Dada yako,
Areej

Msituni
14 Julai 2023

Dada,

Assalaam aleikum. Nataraji mu wazima. Baridi ya huku sasa yauma mifupa. Alfajiri umande huganda juu ya nyasi.

Tumempata mwenye waya. Mzee mwembamba, ameshika paa ambaye bado anapumua. Hakukimbia. "Nilitaka nyama tu," akasema. Nikampiga kwa kitako cha bunduki. Akaanguka, nikampiga tena, na tena. Meno yakamtoka. Ngumbao, mkubwa wetu, alinikaba shingo ndipo nikaacha. Taya la mzee limevunjika, jicho moja halioni.

Bunduki nimenyang'anywa. Nangoja mahakama.

Mwambie Mercy jawabu limepatikana.

Mdogo wako,
Mzamil

Kibokoni
25 Julai 2023

Mzamil,

Waaleikum salaam. Afya yako sijui niiulize vipi.

Nimemwambia. Nilidhani atapumua kidogo. Alilia kuliko siku ya mazishi. "Nani alimtuma Mzamil?" akasema. "Kahindi akiniambia huyo ndiye mpole wao."

Kesho apanda basi, yuaja huko. Nimeshindwa kumzuia. Usijifiche.

Dada yako,
Areej

Msituni
3 Agosti 2023

Dada,

Assalaam aleikum. Mercy alifika salama.

Kwanza alikwenda hospitali, akasimama kando ya kitanda cha yule mzee. Mzee akageukia ukuta. Kisha Mercy akataka nimpeleke alipoangukia mumewe.

Mvua imefuta damu. Nyasi zimeota. Nyayo za nyati zimekuwa vishimo vya maji. Nilingoja anipige. Alijifunga kanga mabegani, akitetemeka.

"Aliniambia amezoea baridi hii," akasema.

Tukashuka.

Jumatatu nasimama mahakamani. Ngumbao ataka niseme mzee alinijia na panga. Nitasema nilimpiga akiwa ameshaanguka. Usinitandikie kitanda, dada.

Mdogo wako,
Mzamil