Feni Iliyobaki Ndani ya Boksi

Kwa mama, chumba cha uani
Jumapili, 9 Februari

Mpendwa mdogo wangu Kipenzi,

Hujambo? Jina hilo alikupa mama, si mimi, ila nakusalimu nalo. Baridi ya huko inakuendeaje? Niliona picha yako umevaa sweta mbili. Nilikuonea wivu mpaka nikaizima simu.

Huku jua limetukalia kooni. Pale kwa dobi, jasho langu likidondokea shati la mteja, napiga pasi upya. Siku hizi tunaanza alfajiri, saa sita mchana tunafunga.

Sasa la mama. Usishtuke, jana ametoka zahanati. Jumatano nilirudi kutoka kazini nikamkuta sakafuni, mwili unawaka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mimi na jirani yetu fundi cherehani tulimtoa nje kwenye kivuli, tukamlegeza nguo, tukamlowesha maji. Nilichana kifuniko cha boksi la feni uliyomtumia, nikampepea nacho mpaka gari likaja.

Feni yenyewe ilikuwa humo ndani. Mama hajaiwasha hata siku moja. Anaifuta vumbi, anawaonyesha wageni, anairudisha, isije ikaharibika zawadi ya Kipenzi. Mimi ninayemlowekea kanga ya kujifunika, hajanionyesha kwa mgeni yeyote. Hata maji nikimpa, anasema tumbo limejaa.

Nami nina langu. Nilijua. Wiki tatu naliona boksi lile, najisemea, na ikae humohumo. Roho yangu ilifurahi, mdogo wangu. Kama si kijicho, ningeichomeka mwenyewe na mama asingeanguka. Nisamehe.

Ukipata tu barua hii mpigie, umwambie aiwashe mchana kutwa na anywe maji hata kama hana kiu. Nikisema mimi, anaona nataka kuichakaza tu. Wewe hakubishii.

Msalimie shemeji na wanangu wote wawili. Fundi cherehani anakusalimu sana. Mungu akupunguzie baridi, nasi atuletee mawingu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuonea wivu kwa pamoja.

Kabla sijafunga bahasha: kule zahanati, mama alipofumbua macho alinitazama, akauliza, "Kipenzi, umekuja?"

Nikaitika, "Abee, mama."

Akapokea kikombe mkononi mwangu, akanywa maji yote.