Antene ya Fizi Imezimwa

Mujukuu wangu Riziki, huko Lubumbashi,

Hapa Baraka tuko bazima. Mama yako ameanika mihogo, na ndagala, vile visamaki vya ziwa, ni tele sokoni.

Umeniuliza kwa nini kwenye telefone ninanyamaza kwanza kabla ya kukujibu. Ile antene ya jeshi kule Fizi ndiyo ilinizoeza. Juzi wameizima, imezeeka kama mi.

Nilikuwa askari kijana, kazi yangu kuihudumia; telefone za mbali zilipitia hapo. Siku moja komanda aliniruhusu nisalimie papa, baba yangu, aliyekuwa anatibiwa Kinshasa, na askari wa kule wakamuleta kwenye telefone. Niliingia jeshini bila yeye kutaka.

"Jambo, papa."

Kimya. Kwetu, muzee akinyamazia salamu yako, amekukataa. Nikaanza kushusha telefone. Komanda akanishika mukono. "Ngojea! Sauti yako ingali inapanda kwenye satelite."

Ndipo nikasikia: "Mutoto wangu, uko?"

Riziki, sauti ile ilipita juu ya mawingu yote, ikashuka kilimani Fizi, na bado ilikuwa na kikohozi cha papa! Mpaka leo mwili unanisisimka.

Na mi nilikuwa karibu kukata. Basi we, nikinyamaza, usikate.

Koko wako