Nilipiga Msasa Alama ya Mkono wa Baba

Mshauri Bibie, shikamoo, nina jambo linaninyima raha na naomba unisaidie, mimi ni seremala hapa Mbeya, na jioni nikifunga kazi natengeneza treni ndogo ya mbao, injini na mabehewa matatu ya abiria, ya kupeleka kwenye maonesho ya kazi za mikono Iringa mwezi ujao, na baba yangu, mzee Lugano, aliyekuwa mhudumu wa mabehewa miaka ishirini na sita, alikuwa anakuja kukaa nami karakana ananielekeza madirisha yakae wapi na kutu huanzia wapi ili niichore kwa brashi, sasa siku moja akaegemea behewa la kwanza rangi haijakauka, mikono yake siku hizi inatetemeka, kiganja kikaburuta rangi chini ya madirisha na vumbi la mlangoni likanasa hapohapo, nikakasirika, yeye akalitazama akasema, "Liache hivyo. Kiangazi behewa likitoka Makambako lilikuwa linaingia hapa na sura hii hii," nikasema sawa baba, lakini alipoondoka nikapiga msasa nikapaka upya, kesho yake akaja, akalishika, akauliza, "Umeifuta?" nikamjibu nilitaka liwe safi, watu wataliona, akasema, "Sawa, mwanangu," na tangu hapo ni wiki ya tatu hajakanyaga karakana, mama anasema ana mafua, na mimi nikilitazama behewa lenyewe naona limekuwa kama kopo jipya la biskuti, nifanye nini?

Gwakisa, Mbeya

Gwakisa, marahaba. Hayo si mafua, na wewe unajua.

Nakuelewa. Seremala anafundishwa kwamba alama ni kosa, na kabati la mteja lazima litoke bila mkwaruzo. Lakini behewa si kabati. Ulikuwa unahangaika kuigiza uchakavu kwa brashi, uchakavu wenyewe ukaja bila kuitwa, tena akaukubali mtu aliyeyapangusa mabehewa hayo nusu ya maisha yake. Ukaona aibu. Mzee naye hakusikia habari ya rangi, alisikia kwamba mikono yake inakuharibia kazi. Hilo ndilo la kurekebisha, na usimtume mama.

Nenda leo. Mwambie, "Baba, nilikosea, tena nilifanya kwa kificho." Ishia hapo, habari ya maonesho usiitaje. Alama ile usijaribu kuichora upya, atajua. Behewa la kwanza libaki linavyong'aa, hata relini kuna lililotoka kupakwa juzi. La pili na la tatu mpake naye. Rangi ikichuruzika au mkono ukigusa, wekeni brashi chini, isubirini ikauke, ndipo mtazame. Mara nyingi mtakuta hakuna cha kurekebisha. Kikiwepo, msasa ashike yeye.

Iringa mwende wote wawili, na watu wakiuliza nani kapaka, taja majina mawili, lake kwanza.