Anayewaka Kichwani mwa Mzee

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na wajukuu hawakuchoshi kupita kiasi. Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia, na wa kumwambia ni wewe tu.

Uliuliza kuhusu matibabu ya mzee, mume wangu. Wanamjaribia dawa mpya ya ugonjwa wa kusahau, yeye na wagonjwa wengine, kidonge kila asubuhi. Ili kujua kama inasaidia, hawampasui wala hawamchomi. Wanamlaza ndani ya mashine na kuupiga picha ubongo huku akisikilizishwa sauti za watu wa nyumbani. Mimi nilisoma maneno kwa upole wangu wote. Mwanawe wa mke wa kwanza akaleta kanda ya sauti ya marehemu mama yake.

Picha ya kwanza, kabla ya dawa, ilikuwa giza kwa sauti yangu na ya marehemu pia. Ya pili, loo! Kwangu giza lile lile; kwa marehemu, ubongo unawaka nyekundu huku na huku. Daktari akafurahi, akasema dawa inafanya kazi. Nikatabasamu kwa nje tu. Namwogesha mimi, namkata kucha mimi, halafu anayewaka ni wa kaburini! Angekuwa mke mwenza aliye hai tungetukanana yakaisha. Huyu nitamfanya nini?

Nyumbani nako mzee akaanza kumngoja marehemu mezani. Nikimwambia alishafariki, analia kama kaambiwa leo.

Sasa nikuungamie, dada. Nikaacha kumpa vidonge. Nilijiambia namwepusha na kilio. Uongo mtupu, kilikuwa kijiba cha roho. Alipokuwa amesahau yote, alikuwa wangu peke yangu.

Juzi kapigwa picha tena: giza. Daktari akasema pengine dawa imeshindwa, kwake na kwa wenzake, na huenda wakaiacha. Akaniuliza, "Mama, anakunywa kila siku?" Nikajibu ndiyo.

Nilitoka pale. Njiani nikafikiria wake wa wagonjwa wengine wanaoisubiri dawa hiyo, nami naiua kwa wivu wangu. Leo nimempigia daktari, nimemweleza yote. Akasema nianze upya kumpa, wataangalia. Nimempa, kameza, kaniuliza mimi ni nani.

Usinihukumu upesi. Nataka akili zimrudie, na nataka anipende mimi. Naona nitapewa kimoja, na nimeshachagua.

Nisalimie shemeji na wote hapo.

Mdogo wako wa tumbo moja