Mpira kwenye mpini wa kushoto

Shoga, sikia ya leo.

Asubuhi nilikuwa naipaka grisi ile mashine yangu ya kupasulia kuni kama kawaida, mara nikaona mpini wa kushoto umefungwa kwa mpira wa baiskeli, umebaki umebanwa chini. Umefungwa! Yaani kabari, lile chuma la kupasulia, inashuka kwa mkono mmoja tu, na ule mwingine uko huru kuingia chini yake.

Unajua nilivyohangaika kuiunda na mipini miwili, kabari isishuke mpaka yote ibanwe pamoja. Mikono yote ikiwa kwenye mipini, hakuna wa kukatwa. Ndiyo maana nzima ya ile mashine!

Nikaukata ule mpira.

Baba mdogo akaja. "Nani kakata mpira wangu? Kazi inachelewa!" Mbele ya wateja! "Mhandisi wetu anaogopa hata kuni!" Wakacheka.

Mimi, ambaye chuoni jina langu likiitwa ulikuwa unaniitikia wewe kwa haya zangu, nikazima umeme na kukalia gogo alilotaka kupasua.

"Toka hapo."

Sikutoka.

"Binti, karakana ni yangu. Nitakufukuza."

Sauti sijui ilitoka wapi: "Nifukuze, baba mdogo. Afadhali hivyo kuliko nije kukuokotea vidole."