Nyamizi Hakubaki Pwani

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia hadi huku Dar es Salaam, pamoja na lile swali lako kama nimekula. Nimekula, Mama. Miguu je? Bado inavimba ukikaa sana barazani?

Barua hii atakusomea Dada Zuhura. Zuhura, soma yote, usiruke neno kwa kumwonea Mama huruma. Kwenye simu ningeshindwa, ningetukana.

Nimeacha kazi gazetini. Miaka tisa, Mama!

Ile hadithi niliyokuwa naiandika kila Jumamosi, ya bibi yako Nyamizi aliyetoka hapo Tabora na msafara hadi Bagamoyo, mzigo kichwani, ilipoanza uliniuliza, "Mbona jina lako silisikii? Zuhura anasoma Mwandishi Wetu." Nikakucheka, nikasema ndivyo magazeti yanavyofanya. Mhariri alikuwa ameniambia, "Shabani, jina lako tayari liko kwenye habari za mahakama. Wasomaji wasidhani gazeti zima linaandikwa na mtu mmoja." Mjinga mimi, nikaona amenisifu.

Mwezi uliopita nilimwambia nataka kuitoa kitabu.

"Hadithi ipi?" akauliza.

"Ya Nyamizi."

"Hiyo ni ya gazeti. Nionyeshe jina lako lilipo."

Nikafunua magazeti ya nyuma, moja baada ya jingine, kama kichaa. Halipo. "Huyo ni bibi wa mama yangu!" nikasema. Akajibu, "Basi mama yako aje na risiti." Jamani! Na wenzangu niliokula nao sahani moja wakacheka. Nikachukua begi langu nikatoka.

Nilidhani hadithi itafia hapo. Wapi! Wamempa mwandishi wa michezo aiendeleze, mtu asiyewahi kuvuka Morogoro. Jumamosi hii inatoka sehemu ya mwisho, na rafiki yangu aliyebaki kule amenisomea. Nyamizi anaolewa na tajiri wa Bagamoyo, anakaa ghorofani anakula halua. Mtoto aliyemwacha Tabora hamkumbuki tena. Mtoto huyo ni mama aliyekuzaa wewe! Nyamizi alirudi kwa miguu kumfuata, na hizo nyayo zilizopasuka ulizipaka mafuta kwa mikono yako ulipokuwa mdogo. Nimeumia, Mama, siwezi kukuficha. Safari ya kurudi sikuiandika hata mstari mmoja. Nilikuwa naitunzia sehemu ya mwisho.

Mwambie mjomba, fundi cherehani wa Kanyenye, asinitafutie kazi kwa mtu. Msalimie shangazi, anayekata kurasa za hadithi na kuziweka sandukuni. Asizitupe, ila ya Jumamosi hii asiikate.

Na majirani wakija kusikiliza, Zuhura asilifungue hilo gazeti. Wasimulie wewe, Mama, namna alivyorudi.

Nisamehe kwa kukucheka siku ile.

Ni mimi mwanao, Shabani. Safari hii jina nimeliandika.