Msimamizi Asiyelalamika

Ndia Kuu, Mombasa
9 Januari 2025

Mwanangu Mzamil,

Assalaam alaikum warahmatullah. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila goti langu la kushoto lenye maisha yake lenyewe. Wasiwasi ni juu yako wewe uliye mbali. Wala vizuri? Walala? Hicho kiyoyozi chenu hakijakupa kifua?

Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu hatuzungumzi. Kila nikikuuliza jambo, laini yakatika. Barua haikatiki.

Nimeamua kwenda chuo kikuu. Cheka umalize, kisha uendelee kusoma. Cheti changu cha kidato cha nne kimekaa kabatini tangu nilipoolewa na marehemu babako, na nimeambiwa alama zake bado zatosha. Masomo ni ya jioni, hapa hapa mjini, yaanza Mei. Niliambiwa nichague kati ya biashara, ualimu wa watoto wadogo, na usimamizi wa rasilimali watu na ukuzaji wa uongozi. Nimechagua hili la mwisho. Zakiya, mwenzangu wa jikoni, asema jina lake tu lahitaji mtu wa kulibeba.

Ili nipate karo nataka kukipangisha chumba chako cha juu. Nyumba ni urathi wetu sote wawili, kwa hivyo sipangishi bila neno lako. Nadhani hutakihitaji, maana wasema kazi imekunyookea.

Na kwa kuwa wewe mwenyewe ni msimamizi wa wafanyakazi huko hotelini, nianze kujifunza kwako. Pasi za kusafiria za wafanyakazi huko huwekwa na nani?

Mimi mamako,
Mwanakuu


Doha
21 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Waalaikum salaam. Naubusu mkono wako na kukuombea afya, pamoja na goti. Mimi mzima kabisa, nala vizuri, nalala vizuri.

Mama, nisamehe, lakini jambo hili limenikosesha raha. Nani aliyekutia maneno haya? Wenzako wa rika lako wanafikiria Hija, wewe unafikiria shahada. Umepika harusi za Mji wa Kale miaka yote hii na kila mtu anakuheshimu. Shahada ya kuongoza watu itakuongezea nini?

Sikutaka kusema, lakini nitasema. Nimesikia kwamba mchana unapanda tuktuk pale Makadara na mzee mmoja wa ndevu nyeupe mwenye faili kwapani. Sitaji aliyenambia. Wewe ni mjane, una nyumba Ndia Kuu, na watu wa kuipenda nyumba wakajifanya wanampenda mwenye nyumba ni wengi. Leo ni chumba, kesho ni sahihi, keshokutwa tunaambiwa tuhame. Chuo chenyewe umekiona, au umeonyeshwa karatasi tu?

Chumba changu usikipangishe. Tafadhali, mama. Kiache kama kilivyo.

Pasi zinawekwa ofisini, kwa usalama. Ni kawaida huku.

Mwanao,
Mzamil


Ndia Kuu
2 Februari 2025

Mwanangu,

Salamu kwako na juu yako. Huku salama, tumepata mvua ya kulowesha vumbi tu.

Kumbe Burhanuddin ndiye jicho lako! Nami nikistaajabu kwa nini mwenye duka hapa chini, mtu ambaye kwa miaka hakunipa neno zaidi ya bei ya dengu, sasa haoni nikitoka ila aulize. Juzi alinambia, "Mama Mzamil, wenda wapi na jua lote hili?" Nikamwambia naenda kuposwa. Akamwaga dengu. Mwambie aache kunichungulia, au mimi nitamshtaki kwa mkewe.

Huyo mwenye ndevu ni Mzee Muhdhar wa Liwatoni, karani mstaafu. Anasaidia watu kujaza maombi ya chuo kwenye kompyuta. Mkewe Nasiha huwa nasi katika tuktuk, amekaa upande wa ndani, lakini miwani ya Burhanuddin yaonekana haioni mtu aliyevaa buibui. Chuo nimekiona kwa macho yangu, nimepanda na ngazi zake, goti likanitukana.

Basi hofu yako umeisema, nami nimekujibu. Sasa nijibu na wewe. Pasi huwekwa ofisini kwa usalama wa nani? Mwenyewe akiitaka leo, apewa leo?

Na jambo jengine dogo. Nitajie mtu mmoja katika hao unaowasimamia, jina lake tu, nimtie katika dua zangu za Ijumaa.

Mamako


Ndia Kuu
16 Machi 2025

Mzamil mwanangu,

Salamu nyingi. Tumo katika Ramadhani, naomba funga yako iwe nyepesi. Barua yangu ya Februari haikujibiwa, na simu yako yalia mpaka yachoka. Nimemuuliza Burhanuddin kama ana habari zako. Aliinamisha kichwa akasema hata yeye hujamtafuta tena. Tangu hapo anaponiona hupunguza bei, na mimi bei ikipungua bila kuomba, huogopa.

Sina hasira. Niandikie hata mstari mmoja.

Mamako


Doha
4 Aprili 2025

Mama,

Idi njema iliyopita. Mimi mzima. Kazi ilikuwa nyingi.

Maswali yako yananitisha. Unanihoji kama polisi. Haya si maneno yako, mama, nakujua. Kuna mtu anakuandikia, na kama si huyo mzee basi ni huyo mkewe. Watu wangu ni wengi, siwezi kukutajia mmoja nikawaacha wengine.

Nimekutumia picha ili uone niko vizuri. Acha mambo ya chuo. Na chumba changu, tafadhali.

Mzamil


Ndia Kuu
11 Aprili 2025

Mwanangu wa pekee,

Assalaam alaikum. Nimeipokea picha. Suti nzuri, na ni ile ile ya picha ya mwaka jana, mikono imekupita kama ilivyokupita wakati ule. Mwenye suti hiyo ni mrefu kuliko wewe. Shingo yako kwenye kola imekonda.

Sasa nikwambie nani ananiandikia maswali. Hakuna. Nimesimamia wanawake kwenye majiko ya harusi tangu ukiwa watambaa. Wewe mwenyewe wawajua bila kuwaona: Zakiya anayechelewa kisha akalaumu mjukuu, Eddah anayetia chumvi mara mbili kwa sababu hamuamini aliyetia kwanza. Nimekuchosha masikio kwa kuwalalamikia, na wakiugua nalia. Ndivyo alivyo mtu aliye na watu chini yake. Hawezi kula chakula cha jioni bila kumtaja mmoja wao. Wewe umesimamia watu miaka miwili na hujanambia hata siku moja kwamba fulani amekuudhi. Msimamizi gani hana wa kumlalamikia?

Ndiyo maana nilichagua somo hili. Siku ya mahojiano mwalimu aliniuliza, kwa nini mama wa umri wako asichague biashara, na ujuzi wake wa upishi anao? Nikamjibu, "Nina mtu wangu kazini, na kazi yake siielewi. Nataka kujua mwajiri aruhusiwa kumfanya mtu nini." Hakuniuliza jengine.

Nilikushuku, nawe ukanishuku. Tumetoshana. Naogopa, mwanangu, nalala naogopa na kuamka naogopa. Lakini sitakuuliza tena. Aliyevaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana, na akitaka kunionyesha mguu, mimi nipo.

Mamako


Doha
19 Juni 2025

Mama yangu,

Waalaikum salaam. Nimechelewa kujibu, niwie radhi. Natumai umeanza masomo na goti limeizoea ngazi.

Nina swali, si langu. Kuna rafiki yangu hapa, tunakaa chumba kimoja. Yeye ni mtu wa bara, jina lake Morris. Aliletwa kwa kazi ya ofisini, alipofika akapewa kazi ya kufua mashuka. Kwao hakusema, aliona haya, maana mamake alishawaambia watu. Mkataba wake umekwisha lakini pasi imezuiliwa na mshahara wa miezi ya mwisho hajapewa. Mtu kama huyo akitaka kurudi, aanzie wapi? Anauliza pia kama mamake atamtazama usoni.

Mwanao,
Mzamil


Ndia Kuu
30 Juni 2025

Mwanangu Mzamil,

Salamu za kheri na baraka. Huku tu wazima. Nilisoma barua yako kwenye ngazi za chuo, nikakosa kipindi cha kwanza, na sijutii.

Mwambie rafiki yako hivi. Pasi si ya mwajiri, na hata sheria ya huko haimruhusu kuishika. Aende ubalozini kwetu mwenyewe, asitume mtu, achukue mkataba wake na chochote kinachoonyesha siku alizofanya kazi. Mwalimu wangu amenipa maneno ya kuandika kuhusu mshahara, nimeyatia katika karatasi ya pili, ayanakili kwa jina lake mwenyewe. Wakimwambia arudi kesho, aulize jina la aliyemwambia.

Kuhusu mamake, mimi simjui, lakini mama ni mama. Huyo alishajua siku nyingi. Aliwaambia watu mwanawe ni msimamizi kwa sababu alimpenda, na atawaambia amerudi kwa sababu hiyo hiyo. Mtu aliyefua mashuka ya watu akarudi na mikono yake safi hana haya ya kumwonea mamake.

Karo ya muhula huu nimeipata kwenye harusi mbili. Burhanuddin ametuletea balbu mpya ya chumba cha juu, amepanda mwenyewe kuitia, hakutaka malipo, nami safari hii sikuogopa.

Chumba sikukipangisha. Nimekitandika leo. Mwambie Morris kwamba kitanda ni kimoja, na kinamngoja mwenyewe.

Mamako,
Mwanakuu